Nyuzi za Bibi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na nisamehe kwa ukimya. Ujumbe wako wa pole niliupata siku ileile ya mazishi, nikausoma nimejibanza nyuma ya mlango. Kukujibu maneno mawili kwenye simu niliona si haki. Wewe ulimjua, ndiyo maana nimeamua kukaa chini nikuandikie.

Nianze na wasifu wa marehemu, maana bado unanikereketa. Waliniachia mimi niuandike, ati mimi ndiye msomi. Nikakesha nao. Asubuhi Baba Mkubwa akachukua kalamu, akakata hapa, akaongeza pale, na uliosomwa mbele za watu ukawa wa mwanamke mwingine kabisa: mpole, mnyenyekevu, asiyejua kupandisha sauti. Bibi huyuhuyu! Lilipofika neno "mpole" Shangazi akashikwa na kikohozi, akajifunika uso kwa leso. Watu wakadhani analia. Mimi niliyekaa naye bega kwa bega nilijua anacheka.

Upole upi? Siku ya kwanza ulipokuja nyumbani si alikutazama toka juu hadi chini, akakuuliza kama kwenu hawakupendi, mbona umekonda hivyo? Ukilia, alikwambia lia haraka, kazi zinasubiri. Kukusifu mbele yako, thubutu. Utakuja kusikia kwa watu baki kwamba kutwa anajigamba nawe. Na wanawe wawili walipoacha kusemeshana, mwaka mzima hawapeani hata salamu, hakuitisha kikao. Aliwaita waje wamtengenezee mlango. Mmoja akampa nyundo, mwingine misumari, yeye akaenda zake kulala. Hilo nililiandika, nalo likakatwa. Najua sababu: mwenye nyundo alikuwa Baba Mkubwa.

Tukavutana pia juu ya mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1943, na hiyo siku ya kwanza ya mwaka unajua ilivyo: hupewa wengi ambao siku yao haikuandikwa popote. Lakini mwenyewe alinisimulia, tena si mara moja, kwamba Vita Kuu ya Pili ilipomalizika watu walikuwa wakiitana kupashana habari, naye akatoka mbio kumwambia mama yake, ikamtoka "bita bimekwisha", kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote. Dada zake wakamwita Bita mpaka anaolewa. Sasa piga hesabu nami. Vita viliisha 1945, na meno ya mbele huanza kumtoka mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Basi alizaliwa 1938 au 1939. Wa 1943 angekuwa na miaka 2, hayo meno bado mapya kinywani. Nikawaeleza hivyo kikaoni. Baba Mkubwa akanitazama weee, kisha akasema kaburi haliandikwi kwa meno.

Likaandikwa 1943. Tumempunguzia miaka minne au mitano, na nadhani yeye mwenyewe asingelalamika.

Hayo nayacheka. Lisilonichekesha ni la sanduku.

Unalikumbuka, lile la bati la chini ya kitanda, ufunguo wake haukumtoka pindoni mwa nguo. Wiki iliyofuata tulilifungua. Karatasi tupu: ripoti zetu za shule, kadi za kliniki, stakabadhi, barua. Bibi, kama ujuavyo, hakujua kusoma hata herufi moja. Ila kila karatasi ilikuwa imekunjwa kivyake na kufungwa uzi. Nyingine pembetatu, nyingine nne kwa nne, nyingine zimesokotwa nyembamba kama kidole. Uzi huu mwekundu, ule mweupe, ule umefungwa mafundo mawili. Na mimi, kwa kiherehere changu cha kisomi, nikachukua mkasi. Nikakata nyuzi zote, nikanyoosha karatasi, nikazipanga kwenye faili mwaka kwa mwaka. Nikajiona nimefanya la maana.

Shangazi alipoingia akaona lundo la nyuzi sakafuni, aliketi kitandani asiseme neno. Baadaye sana ndipo akaniambia: ulikuwa ukimtajia mtu, Bibi anatia mkono sandukuni bila hata kutazama, anakutolea ya mtu huyo. Mkunjo na uzi ndiyo yalikuwa majina yetu. Uzi mweusi ulikuwa wa yule mwanawe aliyefariki mchanga, ambaye mali yake yote ilikuwa kadi moja ya kliniki. Wa Shangazi mwenyewe ulikuwa mwekundu. Nikamuuliza, na wangu? Hakuujua.

Nyuzi nimeziokota zote, nimezitia kwenye bahasha. Usiku nazimwaga mezani najaribu kukisia. Kuna wa zambarau ningependa uwe ndio mimi, lakini kupenda si kujua.

Karatasi moja iliponea mkasi wangu. Ilikuwa imeteleza chini ya gazeti lililotandikwa sandukuni, nikaikuta juzi nilipokuwa nafuta vumbi. Ni yako: ile barua uliyomwandikia ulipokwenda masomoni. Nilimsomea mara tatu siku ileile, na kila tukifika pale ulipomuuliza mguu wake unaendeleaje, ananirudisha nyuma niianze upya sentensi hiyo. Kona moja imechungulia nje ya mkunjo, na mwandiko wako siwezi kuukosea. Amekukunja mara mbili kwa urefu na mara moja kwa upana. Uzi wako ni wa kijani.

Nakuletea pamoja na barua hii. Nimeipiga picha pande zote, kwa hiyo ni juu yako sasa kuifungua au kuiacha. Ukiifungua, fundo ulilegeze taratibu kwa kucha. Usikate.

Mimi rafiki yako,
mwenye kiherehere