Baba mdogo, usiing'oe mibuni ya babu

Baba mdogo, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu hapa Mbozi wako wazee wengi wanaowaza kama wewe, na vijana waliorudi nyumbani kama mimi.

Umesema shamba la kahawa la babu ling'olewe lote, tupande mahindi. Sababu zako nazielewa. Ugonjwa wa chulebuni uliozesha punje zingali changa, dawa zikapanda bei, malipo yakachelewa hadi ada za watoto zikalipwa kwa kukopa. Mzigo huo uliubeba wewe, sisi tukiwa mjini.

Lakini mibuni ile haijafa. Kwangua gome kwa kisu chini kabisa ya shina, utaona ukijani. Kilichochoka ni matawi. Mizizi bado imeshika. Tukikata mashina kama sentimita 40 kutoka ardhini, tena kwa mshazari ili maji yasituame kwenye kidonda, yatachipua. Tutabakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, na mwaka wa pili tutaanza kuonja mavuno. Mche mpya unataka kama miaka mitatu.

Wala tusikate lote kwa mpigo. Theluthi moja kwanza. Jua likishaingia kwenye mistari hiyo, tupande maharage katikati, tupate cha kula na cha kuuza wakati tunasubiri. Chulebuni haiponi kwa kukata visiki, hilo nakubali. Ndiyo maana mapengo nataka tuyajaze kwa miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayostahimili chulebuni na ugonjwa wa kutu ya majani. Kituo chao cha Mbimba kiko hapa hapa Mbozi, hatuna haja ya kwenda Moshi.

Kinachoniuma zaidi ni namna tulivyokuwa tunauza. Kahawa ingali mtini, mtu anakuja na fedha mkononi, anaondoka na jasho letu la mwaka mzima. Nataka tuchume zilizoiva nyekundu tu, tumenye siku hiyo hiyo, tuzivundike, tuzioshe mpaka utelezi uishe na punje zikwaruze kiganja. Kisha tuanike kwenye vichanja, si chini, na tupeleke AMCOS, chama chetu cha ushirika. Ni kazi, tena kubwa, na mimi niko tayari kuifanya.

Sikuombi urithi, Baba. Naomba theluthi ya upande wa bondeni kwa misimu mitatu. Nijibu kabla mvua za Novemba hazijaanza, maana visiki vinatakiwa vikatwe mapema.