Mafuta ya Msamaria na mafuta ya uwanjani

Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi katika ukurasa wa wasomaji ili nimjibu kijana aliyeandika hivi karibuni kwamba imani ya Kikristo imepitwa na wakati, kwa kuwa maswali ambayo babu zetu waliyapeleka kwa mchungaji siku hizi yanajibiwa na simu ya mkononi, na ugonjwa unatibiwa kwa vipimo na dawa, wala si kwa maombi. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa Moshi, kwa hiyo sitajifanya kuwa sina upande.

Nianze kwa kumkubalia. Februari 1, 2020, katika uwanja wa mpira wa mji wetu huu, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakigombea kupita juu ya mafuta yaliyomwagwa chini, ambayo waliambiwa kuwa ni ya upako. Siwacheki marehemu wale. Walikwenda kutafuta uzima na riziki, kama tunavyotafuta sote; kosa ni la wale waliowafundisha kwamba neema ya Mungu ni kitu kichache, kinachopatikana mahali pamoja kwa muda mfupi, na anayewahi ndiye anayepata. Ikiwa hiyo ndiyo imani, basi kijana yule amesema kweli, na mimi ningetia saini barua yake.

Lakini Moshi hii hii inayo mafuta mengine. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na taasisi yenye jina la Msamaria Mwema, yule wa Injili ya Luka sura ya 10, aliyemkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi akamtia mafuta na divai katika majeraha yake. Mafuta yale yalikuwa dawa ya kidonda. Tena Msamaria hakuishia hapo, kwani alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, na akamwahidi mwenye nyumba kwamba gharama itakayozidi atailipa atakaporudi. Waliojenga hospitali kwa jina hilo hawakuona ugomvi wowote kati ya sindano na sala, na ndiyo maana mwaka 1992 Serikali na makanisa waliweza kutiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika afya na elimu.

Najua kijana atanijibu kwamba hospitali inaweza kuendeshwa bila dini. Ni kweli, na Serikali inaendesha nyingi, zenye madaktari wa imani zote na wasio na imani. Swali langu ni dogo zaidi, nalo linahusu ile ahadi ya kulipa gharama itakayozidi.

Mwaka huu kijana mmoja wa bodaboda wa mtaani kwetu alivunjika mguu. Hakuwa ameonekana ibadani tangu alipopata kipaimara. Habari ilipofika katika kundi letu la WhatsApp, nilihesabu salamu 61 za pole, nyingi zikiwa picha za mikono iliyoshikanishwa, na kwa siku mbili hakuna aliyekwenda kumwona, mimi nikiwamo. Jumamosi alfajiri tulipokutana kwa jumuiya, kwenye kibaraza cha mama mmoja mjane anayeuza ndizi sokoni, mama huyo aliuliza kabla hata ya wimbo wa kwanza, "Usiku analala na nani kule?" Tulitazamana tu. Ibada siku hiyo ilikuwa fupi, maana muda mwingi uliishia katika kupanga nani apeleke mtori siku gani, nani alale naye wodini, na nani amkatie majani ng'ombe wa mama yake mzazi. Mtori wa siku ya tatu ulikuwa wa kwangu, na nakiri kwamba chumvi ilizidi.

Simu ilitupa taarifa, na tunaishukuru. Kilichotutoa vitandani usiku ni fundisho la zamani sana kwamba jirani yako ni yule uliyemkuta njiani, hata kama hamfahamiani wala hakulipa ahadi yake ya kanisa. Sijaona kitu kilichobuniwa katika karne hii kinachoifanya kazi hiyo badala yake. Makanisa yenyewe ndiyo yanayolisahau fundisho hilo: zipo Jumapili ambazo mnada wa mayai na mikungu ya ndizi, pamoja na matangazo ya michango ya uzio na vipaza sauti, huchukua muda mrefu kuliko mahubiri, halafu tunashangaa vijana wanapotuona kama chama cha kukusanya fedha. Kwa hili lawama za kijana nazipokea zote, na nitazipeleka kwenye kikao chetu cha wazee.

Kijana wetu sasa anatembea kwa magongo. Gharama za hospitali zilizidi tulichochanga, kwa hiyo tuliandika ahadi ya kumalizia. Kwa mujibu wa daftari la mtunza hazina wetu, hadi Jumamosi iliyopita tulikuwa tumebakiza shilingi 85,000, na zamu ya kukusanya wiki hii ni ya nyumba yangu.

Mzee wa kanisa,
Moshi, Kilimanjaro.