Kabla hujamchagulia binti yako mkondo

Kakangu,

Mulembe. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na kwa sababu najua si wewe peke yako mwenye fikira hii.

Jumapili ulisema binti yako akiingia Gredi ya 10 afuate mkondo wa Sayansi ya Jamii, pacha wake aende STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), maana "hesabu zimemlemea msichana." Ukanitajia na alama: yeye 51, nduguye 63. Sasa mimi nafundisha hisabati hapa Nakuru mwaka wa 14 huu, na Desemba nilikaa kwako wiki mbili. Macho ninayo.

Saa moja jioni kijana alikuwa mezani, taa ya sola mbele yake, kitabu wazi. (Kama alikuwa anasoma au anachezea simu chini ya meza, hilo tuliache.) Binti ndiyo kwanza anatoka kisimani, safari ya pili. Akachambua mrenda, akasonga ugali, akaosha vyombo, akamwogesha mdogo wao. Saa tatu na nusu ndipo akanijia jikoni, mimi shangazi yake anayeniita senge, na pakiti tupu ya unga. Nyuma ya pakiti alikuwa ametafuta x na y kwa penseli. Mstari wa mwisho aliweka kujumlisha mahali pa kutoa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ngoja senge, hapa nimekosea," akafuta kwa kidole chenye masizi.

Hizo alama 12 unazozihesabu, mimi naziona ni saa mbili na nusu za kila jioni.

Miaka ya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, hadi ulipofanywa mara ya mwisho 2023, tulizoea taarifa ile ile: wasichana wameongoza Kiingereza na Kiswahili, wavulana hisabati na sayansi. Tukaichukulia kama habari ya mvua. Wachache waliuliza mtoto anayewashinda wenzake kwa lugha mbili ambazo hata si za nyumbani kwao, x inamshindaje.

Na mkondo si jina tu. Hisabati ni lazima kwa wote, ila walio nje ya STEM husoma ile nyepesi. Akishaingia huko, uhandisi sahau.

Utasema siku hizi aliyesahauliwa ni mtoto wa kiume. Si uongo mtupu. Darasani kwangu wanaopotea baada ya likizo fupi ni wavulana, nawakuta stejini na bodaboda za watu, wananipigia honi, "Mwalimu, panda!" Inaniuma. Lakini sioni vile mtungi wa dada yao unavyowarudisha shule.

Unajua pia ninachokumbuka nikiandika haya. Mwaka 1999 karo ilitosha mtoto mmoja, nami nikakaa nyumbani muhula mzima nikichuma chai ya watu. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Sasa wewe ndiye baba.

Basi usimalize habari ya mkondo kwanza. Likizo hii nipe wote wawili. Nauli nimetuma kwa M-Pesa, wapandishe matatu ya asubuhi pale Chavakali. Binti aje na madaftari yake ya hesabu. Wa kiume naye aje na yake, na umwambie mapema kwamba kwa senge zamu ya jikoni ni ya kupokezana, na sufuria yangu ya ugali ni nzito.