Huku wakulima wanaenda darasani kabla theluji haijaisha

Mama shikamoo, kaka shikamoo, wifi na watoto hamjambo wote. Mimi huku Wisconsin, Marekani, mzima kabisa, baridi ndo inaanza kulegea maana mwezi wa tatu huu mchana theluji inayeyuka inakua tope tupu, usiku inaganda tena unatembea kama unakanyaga vigae. Nimeamua kuandika badala ya kutuma voisi kwa sababu haya mambo nataka myasome mara mbili mara tatu, hasa wewe kaka. Tangu mliponiambia yule ndama wa mwezi wa kwanza amekufa sijatulia, kila nikishika chupa ya kunyweshea ndama wa watu hapa namuwaza yule wa kwetu.

Sasa sikilizeni. Huku kuna kitu nilikiona mwaka wangu wa kwanza na mpaka leo kinanigusa. Kabla shamba halijaingilika na trekta, Februari Machi hivi, wakulima wanaenda darasani. Nasema watu wazima kabisa, wazee wenye mvi na ng'ombe mamia, wanakaa kwenye viti vya kukunja ukumbi wa zimamoto au ukumbi wa kanisa, kahawa mezani, daftari na kalamu, anawafundisha mtu wa ugani wa kaunti, kaunti ni kama wilaya kwetu. Hamna anayeona haya kuuliza. Bosi wangu baba yake alikua mfugaji na babu yake pia, ila juzi kanyoosha mkono kauliza kwanini ndama wake wanaharisha wakifika siku ya kumi, mbele ya majirani wote, na majirani wakaanza kumwambia na wao walivyohangaika. Kaka nilikaa pale nikawaza kule kwetu Rungwe mtu ndama wake akifa anamzika kimya kimya jirani asijue.

Huo ugani wao unatoka chuo kikuu chao cha Madison na ofisi zake ziko mpaka kwenye kaunti. Kuna sheria ya mwaka 1914 iliyouweka nchi nzima, serikali kuu inatoa fungu, jimbo na kaunti nao wanachangia, chuo kinatoa wataalamu. Lakini hapa Wisconsin walianza hata kabla, toka 1885 walikua na kozi fupi ya kipindi cha baridi kwa vijana wa mashambani, kwa sababu ndo muda ambao shambani hakuna kazi. Chuo hichohicho mwaka 1890 mwalimu mmoja anaitwa Stephen Babcock alitoa kipimo cha mafuta kwenye maziwa, unaweka maziwa na asidi kwenye kichupa unazungusha mafuta yanapanda juu unasoma. Kabla ya hapo aliyetia maji na asiyetia walilipwa sawa. Na hakukiwekea hatimiliki, alikiacha kila mtu atumie. Mama najua hapo unafikiria kule tunapopeleka maziwa, wewe unakamua safi kabisa na mwenzio anachakachua na bei ni ileile.

Nisiwachoshe na historia. Wiki mbili zilizopita nilienda darasa la watu tunaolisha ndama, tulikua wengi tu, wenzangu wengi wa Mexico na Nicaragua, kwahiyo mwalimu alikua anafundisha kwa Kiingereza na Kihispania. Mada ilikua maziwa ya dang'a, yale ya kwanza ng'ombe akishazaa. Kaka hapa ndo nataka usome polepole.

Ndama anazaliwa hana kinga. Binadamu mtoto anapata kinga nyingine akiwa bado tumboni, ng'ombe hapana, kondo lake halipitishi, kinga yote iko kwenye dang'a. Na utumbo wa ndama unapokea ile kinga kwa masaa machache tu, kila saa likipita mlango unazidi kufunga, ikifika saa ishirini na nne hata umpe ndoo nzima ni chakula tu, kinga haipiti tena. Hapa tunampa kama lita 3.8 ndani ya masaa mawili ya kwanza, kwa ndama wa kilo arobaini hivi, hesabu yake ni kama asilimia kumi ya uzito. Wa kwetu ni chotara mdogo kidogo, mpe lita mbili na nusu mpaka tatu, asipomaliza kwa mara moja mpe kidogo kidogo ila usiache masaa yapite, na umrudie tena kabla ya siku kuisha.

Sasa yule wetu alizaliwa alfajiri, tukamtenga tukasubiri kondo la nyuma litoke kwanza kama babu alivyotufundisha, likatoka jioni ndo akanyonya. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo, mtamba wa kwanza wa babu nilimshikia kamba nikiwa mdogo na tulisubiri vilevile. Lakini kaka tusisubiri tena. Kondo lije lisije, ndama anyonye.

Halafu kuna dang'a nzito na nyepesi, kwa macho unaweza kudanganyika. Kuna kifaa kinaitwa rifraktomita, kama kidarubini kinaenea kwenye kiganja. Unadondosha matone mawili kwenye kioo, unafunika, unaelekea kwenye mwanga unachungulia, unaona mstari umegawa bluu juu na nyeupe chini, unasoma namba. Ikiwa 22 kwenda juu ni nzuri, chini ya hapo unatafuta ya ng'ombe mwingine ambaye hana ugonjwa. Mara ya kwanza kuchungulia nilipata 26, mwalimu akanigonga bega, nilifurahi kama nimefaulu mtihani wa taifa.

Mambo ya mazao nayo yapo. Chuo kina shamba la utafiti Marshfield, siyo mbali na hapa, na watu wa ugani wanatembea mpaka mashambani. Juzi jua lilitoka tukaenda kwenye shamba la lusini la jirani, majani ya ng'ombe yanayokaa miaka mitatu minne bila kupandwa upya ila baridi ikizidi yanakufa. Mtaalamu akachimba shina moja kwa koleo, akapasua mzizi kwa kisu kwa urefu, ndani mweupe mgumu kama muhogo mzuri, akasema huyu mzima. Akachimba mwingine hatua tatu mbele, wa kahawia, umelegea, ukiukamua unatoa maji. Akawaambia msing'oe kwa hasira, subirini yaote kidogo mhesabu vichipukizi kwenye futi moja ya mraba, 55 kwenda juu shamba liko sawa, chini ya 40 ndo mlime mpande kingine. Mpaka leo natamani kule kwetu mtu angekuja kupasua mzizi wa mgomba mbele yetu hivyo, tuone wenyewe kwa macho.

Na udongo wanapima. Wanachoma bomba jembamba kama inchi sita saba sehemu nyingi tofauti za shamba, wanachanganya kwenye ndoo ya plastiki, wanapeleka maabara, ndo wanajua wanunue chokaa au mbolea gani. Sisi tunanunua mbolea ileile aliyonunua jirani. Kaka Uyole siyo mbali, nauli tu, kuna watafiti wa kilimo na wa mifugo pale, nenda kawaulize habari ya kupima udongo kabla ya msimu wa mwezi wa kumi na moja, usingoje Nane Nane maana siku ile watu ni wengi unapata vipeperushi tu unaondoka.

Ombi langu kubwa ni hili. Mwone afisa ugani na yule bwana mifugo, waulize kama wanaweza kuja siku moja pale nyumbani, uwaite majirani kumi hivi wanaofuga, iwe kama shamba darasa. Chai, maandazi na ndizi nitagharamia mimi. Muanze na hii habari ya dang'a kwa sababu mwezi wa tano mtamba wetu anazaa na kwa mama mchungaji najua kuna mwingine ana mimba. Na wewe kaka usimulie ya ndama wetu, hivyohivyo ilivyokua, masaa na yote.

Rifraktomita nimenunua. Kuna dada anarudi Mbeya mwezi wa nne atakuletea, iko kwenye kiboksi cheusi ndani ya soksi za mama. Haitaki betri wala chaji. Kabla ya kutumia dondoshea maji safi usome, mstari ukae kwenye sifuri, usipokaa kuna skrubu ndogo juu unazungusha taratibu. Ukimaliza osha na maji ya uvuguvugu, futa kwa kitambaa laini, siyo majani wala gunia, kioo kikichubuka hakisomi tena. Na ndoo ile ya bluu wifi aweke alama ya lita tatu kwa rangi ya kucha ili usiku wa kuzaa asianze kukisia.

Jumapili nitapiga saa mbili usiku ya huko, mama awe karibu na simu.