Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira: Moshi wa Dizeli Unaingia Ndani

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza hazikujibiwa, na hii naiandika hadharani kwa sababu usiku wa kuamkia jana mwanangu wa miaka 8, mwenye pumu, alishindwa kupumua. Mbavu zilikuwa zinabonyea ndani kila alipovuta pumzi, na nje ya dirisha letu mabasi matano yalikuwa yakinguruma yakisubiri abiria wa alfajiri.

Kulipokucha nilipitisha kitambaa cheupe kwenye fremu ya dirisha niliyokuwa nimeifuta siku mbili tu kabla. Kilitoka cheusi, weusi unaoteleza vidoleni kama grisi na usiotoka kwa maji matupu. Hayo ni masizi ya dizeli isiyoungua sawasawa, na yanayoonekana ndiyo yenye nafuu. Chembe za kuogopwa ni zile zisizozidi maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Hizo hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya hadi kwenye damu, ndiyo maana moshi huu hauishii kwenye kikohozi bali huleta pia maradhi ya moyo na kiharusi.

Haya hayakugunduliwa jana, Mheshimiwa. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na asbesto na moshi wa tumbaku. Oksidi za nitrojeni zilizomo humo, zikipigwa na jua pamoja na mivuke mingine, huzaa gesi ya ozoni karibu na ardhi, ambayo huchoma mapafu na kudhoofisha mazao.

Mafundi niliowauliza wanataja nozo za kupulizia mafuta kwenye injini zilizochakaa na vichujio vya hewa vilivyoziba. Mimi nadhani mafuta yenyewe yana salfa nyingi, kwani salfa huharibu vichujio vya masizi vya kwenye bomba la moshi ambavyo, vikiwa vizima, hunasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe hizo. Huenda nimekosea, lakini ofisi yako ndiyo yenye uwezo wa kupima, nami sina.

Uliahidi, nasi tulikusikia, kwamba hakuna gari la dizeli litakalopewa kibali kabla moshi wake haujapimwa kwa kifaa. Hadi leo mkaguzi husimama nyuma ya gari, hulitazama bomba, kisha hugonga muhuri. Jicho halipimi chembe ambazo haliwezi kuziona.

Naomba ahadi hiyo itimizwe. Naomba mafuta yachunguzwe, na magari yanayofuka yaondolewe barabarani hadi yatengenezwe. Na kama yote hayo yanahitaji bajeti na vikao, basi naomba jambo moja lisilohitaji hata shilingi: amuru basi lililosimama lizimwe injini. Lizimwe leo usiku, Mheshimiwa, kwa sababu leo usiku mwanangu atalala chini ya dirisha lile lile.

Wako mtiifu,
Mzazi