Shukrani kwa mzee wa kofia ya viua, Nyaraka Kilimani

Shikamoo mzee wangu. Jina lako hukunitajia, nami niliona haya kukuuliza. Ulikuwa meza ya jirani pale Nyaraka, jumba la kuhifadhia kumbukumbu za Zanzibar, Kilimani, ukaniona nimeikodolea macho picha ya zamani ya Forodhani, ufukweni Mji Mkongwe, isiyo na tarehe. Nyuma ina muhuri wa A. C. Gomes tu, na Gomes alipiga picha Unguja miaka chungu nzima.

"Mwanangu, achana na muhuri, tazama mnara."

Ukanieleza taratibu, kidole hakigusi karatasi: mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani pale Forodhani, ukiikabili bahari, basi picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipoipiga kasri na kuuharibu mnara ule. Ukiwa umeshikana na jumba lenyewe, ni ya baadaye. Na maji yakionekana baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari uliozitenga, ilikuwa bado haijafukiwa yote. (Wanaopita Darajani leo kununua samaki, waambie palikuwa na maji, watakucheka.)

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib iporomoke Disemba 2020, hizi picha nimezidi kuziona zina kazi. Ujuzi wako ungeweza kuuza, ukanipa bure. Mungu akulipe kheri na akupe afya.

Nakala yako ya picha ile nimeiacha mapokezi, ndani ya bahasha ya kaki. Waambie ni ya mzee wa mnara.