Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wapagazi katika Historia ya Kibo

Ndugu wanachama,

Kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka huu ni kukusanya kumbukumbu za wazee wetu waliobeba mizigo Kilimanjaro, nami naomba niieleze kwa kirefu.

Kila anayesoma habari za mlima huu huambiwa kwamba Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889. Ni kweli, lakini haitoshi. Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887 akashindwa, na jambo kubwa alilobadilisha baadaye ni mpango wa chakula: aliweka kambi juu ya msitu, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu. Kwa hiyo tarehe 3 Oktoba, walipofika ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkano, wakiwa hoi baada ya kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, hawakulazimika kuteremka hadi vijijini. Walipumzika, wakapanda tena. Mwini Amani wa Pangani alikaa kambi ya juu, kwenye mita zipatazo 4,300, akiwapikia na kulinda hema katika baridi ambayo sisi tunaifahamu vizuri. Jina lake limehifadhiwa. Ya wenzake wengi yamepotea, na hilo linaniuma.

Mlima wenyewe ulikwisha kurudishiwa majina yake. Kilele kilichoitwa kwa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, kimekuwa Uhuru tangu Alexander Nyirenda, afisa wa jeshi la Tanganyika, aliposimika bendera na mwenge huko Desemba 1961, na vibanda vya Bismarck na Peters sasa ni Mandara na Horombo, majina ya Mamangi, yaani watawala wa Wachagga wa zamani. Wapagazi nao wanastahili daftari lao.

Kuhusu mizigo, kikomo ni kilo 20 kwa mpagazi. Mwanachama asikubali kuongezewa kitu baada ya kupita kwenye mizani getini.

Wenye picha, barua au simulizi za baba na babu zao wazilete ofisini kabla ya masika, pamoja na jina kamili la mhusika, kijiji chake na njia aliyoizoea, iwe Marangu, Umbwe au Machame. Majina yatasomwa kwenye mkutano mkuu ujao kabla ya kuingizwa daftarini, ili familia zipate nafasi ya kuyasahihisha.